Mia na Ishirini kwa Themanini

Sitaki mtu aniambie kwamba nilimfanyia kaka yangu ukatili. Wameshaniambia wa kutosha: mama, shangazi, hata yule mama anayeuza maji mlangoni pa hospitali, ambaye hajui kama stetoskopu inaingia sikioni au puani. Wote wimbo wao ni mmoja, kwamba nilimvua nguo kaka yangu mbele za watu. Nilimvua, sikatai. Lakini anayetaka kusimulia habari ile aanze inapoanzia, asikimbilie kwenye aibu.

Kwetu yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa na mimi ndiye kitinda mimba. Hospitalini aliingia kama mwosha magari. Alikuwa akiosha damu ndani ya gari la wagonjwa huku akiwauliza wahudumu maswali mpaka wakamchoka: hili bomba la nini, mkanda huu unafungwa wapi, kwa nini yule alilazwa ubavu. Siku moja mhudumu mmoja hakutokea kazini, simu ikalia, dereva akamwambia kaka, "Panda, utanishikia machela." Akapanda na hakushuka tena. Walimpeleka kozi, akafuzu, akavaa sare.

Haki yake nampa. Mikono yake ilikuwa mizuri. Alizalisha wanawake ndani ya gari linaloruka mashimo, na watoto wakafika wakilia kama inavyotakiwa. Mimi mwenyewe, kabla hajajua hata jina la bandeji, nilianguka ukutani nikavunjika mkono, naye akaufunga kwa rula ya shule na soksi zake mbili, soksi zilizonuka mpaka nikasahau maumivu. Daktari aliyeufungua alisema aliyefunga ana akili. Ndiyo maana nikawa nesi. Kwa hiyo msinieleze habari za shukrani.

Shida ilikuja na gari jipya. Lile la zamani king'ora chake kilikaa mbele, chini, karibu na taa. Jipya kilikaa juu ya paa, upande wa kushoto, sawasawa na dirisha la mhudumu. Kiyoyozi kilikufa mapema na hakuna aliyekifufua, kwa hiyo vioo vilikuwa chini siku zote. Basi kaka alikaa pale, sikio lake la kushoto likiwa karibu na king'ora kuliko mdomo wake ulivyo karibu na kijiko. Kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi.

Wahudumu walipoajiriwa walipimwa macho, kifua na mkojo. Masikio hakuna aliyeyakumbuka, wala siku ile wala baadaye. Dereva wake aliwahi kuomba vifaa vya kuziba masikio kwenye kikao. Msimamizi wa magari, mtu anayependa kusikia watu wakicheka vichekesho vyake, alimjibu, "Mkiziba masikio mtamsikiaje mgonjwa?" Kikao kizima kikacheka. Kaka naye alicheka, ila alicheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Niliposimuliwa hilo nilipaswa kuelewa papo hapo.

Nyumbani tulisema amevimba kichwa. Jirani anamsalimia, yeye anapita kama kapita mgomba. Mama anamwita kutoka jikoni, kimya. Televisheni yake ilisikika mpaka barabarani. "Tangu avae sare ile, mwanangu hatujui tena," mama alisema, na sisi tukaitikia. Mimi nesi mzima niliitikia pamoja nao.

Kazini nilikuwa mapokezi ya dharura. Gari likifika, mhudumu anasimama mlangoni na kutamka hali ya mgonjwa kwa mdomo: ameumia nini, ana hali gani, presha yake ngapi. Kwa maneno hayo ndipo nesi anaamua, huyu kitanda cha mbele kwa daktari, huyu akae benchi asubiri zamu. Kwa hiyo maisha ya mtu yanapita kwenye mdomo wa mhudumu. Na mdomo wa kaka ulikuwa na jibu lake. "Presha mia na ishirini kwa themanini," namba ya mtu mwenye afya, kwa sauti ya kutangazia mkutano. Bibi aliyeanguka bafuni, mia na ishirini kwa themanini. Mlevi aliyegongwa, hivyo hivyo. Manesi wenzangu walimbatiza Mia-Ishirini, na hata mimi, dada yake, niliwahi kulitumia jina hilo mezani tukinywa chai.

Aliyewahi kupimwa presha anajua mambo yanavyokwenda. Unafunga mkanda mkononi, unaujaza upepo, unauachia polepole huku stetoskopu iko kwenye mshipa. Pale mapigo yanapoanza kusikika ndipo namba ya juu, yanaponyamaza ndipo ya chini. Asiyesikia anaweza kutazama mshale wa mashine unavyotetema, akabahatisha ile ya juu, gari likiwa limesimama. Gari likitembea mshale unacheza ngoma ya mashimo. Wahudumu wengi huiita kupima kwa macho, na wakubwa wote wanajua. Wahudumu hufundishwa kwenye ukumbi ambao nzi akipita unamsikia, wakipimana wenyewe kwa wenyewe wakiwa wazima wameshiba, kisha wanatupwa chini ya king'ora na kuambiwa wafanye vilevile.

Siku moja mchana alimleta fundi wa paa aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. "Amejigonga mbavu tu, presha mia na ishirini kwa themanini, yuko sawa." Nikampeleka benchi. Kulikuwa na foleni, na kulikuwa na mtoto aliyeungua aliyenichukua akili yote. Nilipogeuka, midomo ya fundi ilikuwa na rangi ya majivu na alikuwa ananiomba maji kwa adabu, kama mtu anayeona haya kusumbua. Nilimpima. Namba ya juu ilikuwa sabini, ya chini sikuipata kabisa. Tumbo lilikuwa limejaa damu. Walimkimbiza kwenye upasuaji, wakamtoa bandama, akapona kwa tundu la sindano.

Daktari alinikalia kooni mimi. Kwa nini mtu wa namna hii alikuwa benchi? Nikatoka nje, nikamkuta kaka anafuta machela.

"Yule fundi ulimpima?" nilimuuliza, nimesimama uso kwa uso naye.

"Nilimpima mwenyewe."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia nilichosikia. Unanifundisha kazi, we mtoto? Nani alikuonyesha kufunga bandeji?"

"Kaka, yule mtu alikuwa anakufa."

"Alikuwa mzima nilipokukabidhi. Huko ndani mlimfanya nini ni juu yenu."

Alinitupia mimi lawama. Mbele ya dereva wake, ambaye aliinama akajitia kutafuta kitu chini ya kiti. Damu ilinichemka mpaka masikio yangu mimi ndiyo yakaanza kulia. Usiku ule ndipo nilipounganisha salamu, televisheni na ile namba moja, nikaelewa kwamba hasikii.

Hata hivyo nilimpa nafasi, na hapa ndipo watu wanaporuka wakisimulia. Wiki ile ile nilikwenda kwa mama, nikamkuta kaka uani anachota maji, amenipa mgongo, bomba linamwaga kwenye ndoo. Sikutaka mama asikie, ila sikunong'ona pia. Nilisema, "Kaka, masikio yako yamekwisha, na unajua. Nenda ukapimwe. Nakupa mpaka siku ya mafunzo ya mwaka. Usipokwenda, nitakusema mimi mwenyewe mbele ya wote." Hakugeuka. Ndoo ya kwanza ikajaa, akasogeza ya pili, ikajaa. Akafunga bomba, akazibeba, akanipita pale nilipo na kusema, "Mwambie mama nitakuja kesho kumrekebishia mlango." Basi. Kama vile mimi ni nguo iliyoanikwa pale.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Dharau ya namna ile sijapata kuiona. Mtu anaua watu, unamwambia kwa upole wa ndugu, anakuzungumzia mlango. Siku zilizofuata nilimchungulia kwenye chumba cha kupimia masikio kila nilipopita. Hakutokea. Nikasema moyoni, sawa.

Mafunzo ya kila mwaka hufanyika kwenye ukumbi wa hospitali. Yupo mkufunzi wa kutoka nje, mwenye kalamu ya kumulika ukutani. Yupo mwanasesere wa kukandamizwa kifua, aliyepasuka shingo na kufungwa plasta. Yupo msimamizi kwenye kiti cha mbele, akitazama simu. Nesi mmoja hupangwa kuandaa vifaa, na mwaka ule nilijipendekeza mpaka nikapangwa mimi.

Zile stetoskopu zetu, kichwa cha kila moja kina nyuso mbili, mpana huku na mdogo kule. Ukikizungusha, upande mmoja unafunguka na wa pili unaziba. Ukiweka upande ulioziba kwenye mshipa husikii hata chembe. Kila mhudumu anajua, na mwenye masikio hushtuka mara moja: anagonga kwa kidole, anazungusha kichwa, anaendelea. Ni jambo la kupepesa jicho. Zamu ya kaka ilipofika nilichukua stetoskopu mezani, nikazungusha kichwa, nikaziba upande mpana, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni chai.

Alikaa mbele ya dereva wake, aliyejifanya mgonjwa, akamfunga mkanda, akajaza upepo. Akaweka ule upande mpana kwenye mshipa. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza, macho yakiwa kwenye mshale. Nilingoja agonge. Nakiri nilitamani agonge. Akaachia upepo wote, akavua stetoskopu, akatangaza kwa sauti ile ya mkutano, "Mia na ishirini kwa themanini."

"Vizuri," alisema mkufunzi.

"Si vizuri," nilisema mimi. Nikaichukua, nikaiinua juu wote waione, nikagonga ule upande mpana. "Imezibwa. Nimeiziba mimi. Hakuna aliyeweza kusikia kitu hapa. Huyu hasikii, na hajasikia siku nyingi."

 Dereva alijitazama mkono ulio kwenye mkanda. Kaka alikuwa ananitazama midomo, kisha akatazama nyuso za wenzake moja moja, akitafuta kwenye nyuso zile nimesema nini. Msimamizi aliweka simu chini na kuniambia niketi. Sikuketi. Nilimwambia mkufunzi awape na wengine stetoskopu, aizungushe yeye mwenyewe, wakiwa wamempa kisogo. Mkufunzi, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana ana damu mwilini, akafanya hivyo. Wahudumu wawili zaidi walitoa namba nzuri kutoka kwenye upande ulioziba. Wote wawili huwa wanakaa kiti kile cha kushoto.

Baada ya hapo hapakuwa na pa kujificha. Wote walipelekwa kupimwa. Sikio la kushoto la kaka limekwenda moja kwa moja, la kulia limebaki nusu na halitarudi. Walimshusha kwenye gari, wakampa stoo ya mitungi ya oksijeni. King'ora nacho kilishushwa kutoka kwenye paa na kufungwa mbele kwenye bampa. Alikuja fundi wa kuchomelea asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa anakusanya vyombo vyake aondoke. Miaka yote ile ya masikio ya watu, na dawa yake ilikuwa kibarua cha asubuhi moja. Nilimwona msimamizi akisimama kando akimwelekeza fundi kwa kidole, kama vile wazo ni lake. Sasa kwenye vikao anasema yeye ndiye aliyeanzisha upimaji wa masikio. Namtakia mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Kaka alininunia. Kwa mama nikiingia yeye anatoka. Mama ananiwekea chakula bila kunitazama. Nilivumilia mpaka nikachoka, nikamfuata stoo. Nilimkuta anasukuma mtungi kwa kuuzungusha, ukiwa umeinama kidogo, kwa ule ustadi wake wa mikono ambao hakuna aliyemnyang'anya. Nilizunguka nikasimama upande wa kulia, mbele yake.

"Utanichukia mpaka lini?" nilisema kwa sauti kubwa.

Alisimamisha mtungi, akaufunga mnyororo usianguke. "Sichukii kwamba umesema," alijibu. "Yule fundi wa paa namwota. Nachukia kwamba hukuanza na mimi. Ungeniambia nyumbani kwanza. Mimi ni kaka yako."

Hasira zote zikanirudia. "Nilikuambia. Kwa mama, uani, ukiwa unachota maji. Nilikupa mpaka siku ya mafunzo. Ukanipita, ukaanza kuniambia habari za mlango."

Alinitazama midomo mpaka ikatulia. "Uani lini?"

"Siku uliyokuja na zile ndoo mbili."

Alifikiri. Nilimwona akiitafuta siku ile, akaipata, na uso wake ukalegea. "Bomba lilikuwa wazi," alisema. "Maji yakimwagika sisikii kitu. Nilipogeuka nikakuona umesimama, nikajua umekuja kwa mama. Ulisema nini?"

Nikamsogelea sikio la kulia, nikayasema tena maneno yale yote, na kile kitisho cha mwisho, kwa sauti iliyowafanya wabeba mizigo wa nje wageuke kunisikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ningekwenda," alisema, akafungua mnyororo, akaendelea na mtungi wake.