Siku Kichwa Changu Kilipokubali Bila Mimi

Naomba niseme mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wenye kuongeza chumvi. Ni kweli, yule mshenga aliyesinzia ukweni kule Mikumi ni mimi, na ni kweli nilikoroma, na ni kweli kwamba mlinikosa dukani kipindi kile cha maharage kwa sababu nilikuwa Vidunda nalima shamba la watu, mtu mzima mwenye duka lake, mikono imejaa malengelenge. Inaniudhi mpaka leo. Hayo mengine (eti niliacha udenda kwenye kitambaa cha sofa) ni uongo, au tuseme sikumbuki.

Kosa lenyewe lilianza kama sifa. Mimi ni kiongozi wa klabu ya mazoezi hapa Magomeni, Kilosa, wale mnaowasikia alfajiri wakipita wanaimba na kuamsha mbwa wa mtaa mzima, na katika kuongoza huko nikajijengea imani kwamba mtu wa mazoezi hahitaji kulala sana. Nilikuwa naihubiri kabisa. Nafunga duka usiku, nakula, nashika simu natazama watu wa mbali wenye misuli wakieleza jinsi wanavyolala masaa manne, nalala saa sita, saa kumi niko barabarani na raba zangu. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ananiambia, "Baba Neema, mwili unaoukimbiza kila siku lazima uulaze," na mimi namjibu kwamba wanaohitaji masaa nane ni wale wanaoshinda wamekaa, damu yao imelala, sisi wengine damu inatembea. Upuuzi mtupu, lakini nikiusema nimevaa fulana ya klabu watu walikuwa wanaitikia.

Sasa jirani yangu Mama Festo ni mjane, ana mtoto mmoja tu, huyo Festo, fundi simu, kijana mtulivu ambaye siku zile ndiyo kwanza alikuwa amepata kibanda chake pale stendi. Festo akampenda binti wa Mikumi anaitwa Anjela. Kina Anjela asili yao ni Vidunda, kule mlimani, na baba yake alishasema wazi kwamba wazee watashuka mara moja tu kusikiliza posa, wakipanda tena mlima bila kuelewana basi imekwisha, kuna wengine wanaomuulizia binti. Mama Festo akaniomba niwe mshenga. Mnajua mambo hayo yalivyo, mkishaingia ukweni mdomo wa upande wa muoaji ni wa mshenga peke yake, wengine wote mliokwenda nao wanakaa kimya hata wakikanyagwa. Akanichagua kwa sababu naongea sana, na hilo silipingi.

Safari ikaangukia Jumamosi, siku ya mbio zetu ndefu. Mtu mwenye akili angesema leo sikimbii. Mama Neema alinisihi nilale, nitakimbia Jumamosi nyingine, lakini nilikuwa nimeshatangaza kwenye grupu kwamba kiongozi hakosi, kwa hiyo saa kumi nikaamka, tukaifuata njia ya Kimamba mpaka miguu ikalia, tukarudi, nikaoga, nikavaa suti na tai, nikaingia kwenye gari la kukodi nang'aa mafuta.

Njiani Mama Festo akaniambia kwa upole kabisa, "Sinzia kidogo, Baba Neema, mbele kuna kazi." Nikacheka. Nikaanza kumweleza yeye na wazee wawili wa mtaa tuliokuwa nao habari za damu inayotembea, nikaeleza kutoka Ulaya (kile kijiji chetu cha Ulaya hapa wilayani, msinielewe vibaya) mpaka tunaiona lami ya Mikumi. Hakuna aliyebisha. Nadhani walikuwa wamechoka kunisikiliza.

Kwa kina Anjela tukapokewa vizuri, shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Wazee wa Vidunda walikuwa wameshuka mlima kwa miguu giza lingalipo, lakini wamekaa wamenyooka kwenye viti vya mbao, macho makavu. Kati yao alikuwepo shangazi yake Anjela, Shangazi Tekla, mama mwembamba mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la pili. Mimi kama mgeni mkubwa nikapewa sofa, na hilo sofa ndilo lililonimaliza, maana ukilikalia linakumeza mpaka magoti yanakaribia kidevu. Kwanza tukala, wali, mbuzi, ndizi, Anjela mwenyewe akatunawisha mikono, na mimi nikala kama mtu aliyekimbia alfajiri.

Nilianza vizuri, jamani. Nikasema tumetoka Kilosa tumekuja kuomba jiko, wakacheka, wakaitikia. Kisha msemaji wao, Mzee Gaudensi, akashika zamu, na akaona aanze na ukoo. Sauti yake iko chini, haipandi wala haishuki, na bati juu yetu linashusha joto. Babu wa tatu wa ukoo ule namkumbuka. Wa nne simkumbuki.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama Festo, na hakunisimulia kwa furaha. Mzee Gaudensi alimaliza ukoo akaingia kwenye masharti. Akasema, "Harusi ifungwe kwetu mlimani, siyo Kilosa. Mshenga, mmekubali?" Kichwa changu kikashuka. "Amekubali," akajijibu mzee. Akaendelea, "Kijana aache shughuli zake, aje atulimie msimu mmoja kama walivyofanya wakwe wa zamani. Mmekubali?" Kikashuka tena mpaka kikagusa tai. Mzee akaona leo amepata mshenga mwepesi, akaanza kuongeza masharti ambayo hata wenzake hawakuyajua, mtoto wa kwanza aitwe Gaudensi, kichwa kikashuka, na Mama Festo pale anakohoa kwa nguvu zake zote, maana kusema haruhusiwi. Wazee wetu wawili nao wakakohoa. Wenyeji wakadhani ni vumbi la njiani, wakawaletea maji.

Ndipo nikakoroma.

"Huyu anakubali au analala?" akauliza Shangazi Tekla, akanyanyuka akanigusa bega. Na mimi, kwa akili ya mtu anayeamshwa gizani kila siku, nikaruka kutoka kwenye lile sofa nikapiga makofi na kupaza sauti, "Magoti juu, magoti juu, wa nyuma msibaki." Ukweni. Mbele ya wazee. Nasikia Mzee Gaudensi alinyanyua goti kidogo.

Hakuna aliyecheka. Baba yake Anjela akasimama, akasema taratibu kwamba wazee wake wametembea kwa miguu toka mlimani wako macho, na aliyekuja kwa gari ndiye anayelala, sasa yeye hajui hayo ni maombi ya mke au ni dharau, na waheshimiwa wageni waondoke salama. Nikamgeukia Mama Festo. Alikuwa analia bila sauti, kitenge chake kipya amekikunja kwenye ngumi. Akaniinamia akaniambia, "Nilikupa mdomo wangu, Baba Neema. Ukaenda kuufumba." Sijawahi kuona aibu vile maishani mwangu.

Aliyetuzuia tusitoke ni Shangazi Tekla. Akanikazia macho. "Jana ulilala saa ngapi?" Nikamjibu, na kwa ujinga nikaanza kumweleza kwamba mimi ni mtu wa mazoezi, damu yangu inatembea. Hakuniacha nimalize. "Sisi tunaolima milimani tunalala kuku wakiingia bandani. Wewe unakimbia hata jembe huna, halafu hulali. Huo mwili wako unapumzika saa ngapi?" Kisha akamgeukia kaka yake. "Anjela ameshasema anamtaka kijana huyo, na mimi sikushuka mlima kuja kuwatenganisha kwa sababu ya usingizi wa mtu mmoja. Maneno yatarudiwa kesho. Na huyu atalala hapa hapa, nimwone kwa macho yangu."

Kaka yake akarudi kukaa, na mimi nikalazwa. Jua bado lipo, watoto wanacheza nje, mimi nimelazwa kitanda cha wadogo zake Anjela, miguu inaning'inia, simu imechukuliwa, na kila baada ya muda mlango unafunguliwa Shangazi anachungulia kama nina surua. Nilimpigia Mama Neema kabla simu haijachukuliwa, nikitaka kuhurumiwa, akacheka mpaka akashindwa kuongea. Nikaapa kwa hasira kwamba sitalala. Nililala kabla watoto hawajaitwa kula.

Na hapa ndipo panaponiudhi kuliko kote. Asubuhi nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshatoka, na nilijisikia mtu mwingine. Kichwa chepesi, macho hayachomi, lile goti lililokuwa linanisumbua muda mrefu limetulia. Nilikaa kitandani pale nimeduwaa, karibu nilie. Miaka yote ile nilidhani uchovu ndiyo hali yangu.

Wazee wakakaa, nikaongea, na nikasema kama mshenga anavyotakiwa. Niliomba radhi kwanza. Harusi ikarudi Kilosa, jina la mtoto likaachiwa wenye mtoto, na Mzee Gaudensi akakubali kwa kununa. Likabaki la kulima. Shangazi Tekla akasema hilo halifutwi.

"Lakini Festo tunamwachia kibanda chake," akasema. "Kilichokubali jana ni kichwa, na mwenye kichwa tunaye. Wewe ndiye utakayekuja kulima."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na Mama Festo naye, mara ya kwanza tangu jana yake. Ningekataaje? Mdomo wa upande wetu ulikuwa ni wangu peke yangu. Nikasema, "Tumekubali."

Nimelima Vidunda, jamani. Kule shamba limesimama kama ukuta, na yule mama mwembamba yuko mbele yangu wala hahemi, na kuku wakiingia bandani mimi niko kitandani kabla yao. Dukani Mama Neema akauza kuliko mimi. Festo na Anjela wameoana, wanakaa hapa hapa Magomeni, na Mama Festo sasa ananisalimia. Klabu inakimbia jioni, atakaye kunicheka anicheke, na nimeapa sitabeba tena shughuli ya mtu nikiwa sijalala, ingawa kusema kweli hakuna aliyeniomba tena.

Ila Shangazi Tekla hajaniamini. Kila jioni ananipigia, "Umeshalala?" na mimi nalazimika kumjibu nikiwa nimejifunika. Mara moja nilimdanganya nikiwa sebuleni, akausikia mpira kwenye televisheni, akaniambia hata maharage ya msimu ujao yanahitaji mtu. Kwa hiyo mtaniwia radhi, mengine nitawajibu kesho mchana. Kuku wa Mama Festo wameshaanza kuingia bandani, na mimi nipo hapa barazani bado nimevaa viatu.