Kigingi Namba Themanini na Nane

Shangazi Nyundo, Mungu amrehemu, aligonga vigingi kwa miaka ishirini na tisa bila mtu kumwita mwongo, mpaka alipokuja Mkuu mpya wa kituo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Nyuma ya kituo cha utafiti wa mbao kulikuwa na uwanja wenye vigingi mia mbili vilivyochomekwa ardhini kwa mistari, kila kimoja na kibati chake cha namba, vingine vimepakwa dawa, vingine vitupu. Mtafiti wa kwanza, ambaye siku nyingi naye yuko udongoni, alitaka kujua mchwa na unyevu vitachukua muda gani kumaliza kila kimoja. Jaribio lilipangiwa miaka arobaini. Kila mwaka, mwezi uleule, Shangazi alipita na kinyundo chake, akagonga, akatega sikio, akasukuma kwa kiganja, kisha akaandika alama daftarini: kumi kwa kigingi kizima, sufuri kwa kilichoanguka. Kizima hulia kama mlango unaopigwa hodi. Kilichooza hujibu kama boga. Kanuni aliyoachiwa ilikuwa moja tu: andika ulichosikia, usiandike unachowaza.

Mkuu mpya alijifungia na daftari hilo siku mbili. Siku ya tatu akamwita.

"Kaa, mama. Hiki cha themanini na nane ni mti laini, hakina dawa. Vingine tisa vya aina yake vililiwa vikaisha kabla ya mwaka wa sita. Chenyewe kila mwaka tisa, kumi, tisa. Kimeokoka?"

"Mimi naandika ninachosikia, Mkuu."

"Ufunguo wa uwanja anao nani?"

"Mimi. Na mlinzi alikuwa nao."

"Mlinzi yupi?"

"Mume wangu. Alifariki mwaka juzi."

Mkuu akasema pole, akaandika neno kwenye karatasi, halafu akaifudikiza mezani. Shangazi aliliona hilo. Mtu anayekuficha karatasi ana lake jambo.

Nje, dereva wa trekta alikuwa akimsubiri. "Shangazi, huyu anautaka uwanja. Wiki jana walikuja watu wawili na futi ya kamba, wakapima kutoka ukutani mpaka mtaroni. Atasema jaribio ni bovu, alifunge, ajenge nyumba za wakubwa. Wewe ndiye kisingizio."

"Akufukuzaye hakwambii toka," Shangazi akajibu, na asubuhi iliyofuata, katika sala yake, alimwomba Mungu amuumbue adui huyo hadharani.

Lakini kusema kweli, hata yeye aliwahi kukishuku kigingi kile. Mwaka mmoja kililia kwa sauti changa mno, kama mtu mzima aliyerudishiwa utoto. Alikigonga mara tatu. Kisha akaandika kumi, akapita, maana kanuni ni kanuni.

Mkuu aliamuru king'olewe. Dereva alileta sururu, lakini Shangazi alimnyang'anya. "Nachimba mwenyewe. Msije mkasema kimevunjikia mkononi mwa mtu."

Kilitoka kizima. Sehemu yote iliyokuwa chini ya ardhi ilikuwa nyeusi kwa oili chafu, na imezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukabanwa kwa misumari mitatu iliyopindwa vichwa.

"Loo!" dereva akasema. "Mchwa wa hapa wamekivalisha soksi!"

Shangazi hakucheka. Nyumbani kwake banda la kuku lilisimama juu ya nguzo sita zilizofungwa vilevile, mpira, misumari mitatu, vichwa vimepindwa. Hakumjua mtu mwingine duniani aliyefunga hivyo.

"Unaujua mkono huu?" Mkuu akauliza.

Angeweza kusema hapana. Marehemu hasemi, na dereva alikwisha kuanza kutaja wezi. Lakini akaikumbuka jioni moja ya mwaka wa tatu wa jaribio, alipofika nyumbani amechoka akamwambia mumewe, "Themanini na nane hakifiki mwakani." Mume akauliza, "Kikianguka watakulaumu wewe?" Naye akacheka tu, akaendelea kukoroga chai. Hakumweleza kwamba kuanguka ndiko kunakotafutwa. Mwanaume alidhani mkewe analipwa ili vigingi visimame.

"Ni mkono wa mume wangu," akasema. "Alikuwa akikibadilisha kwa kipya, anahamishia kibati cha namba. Alifikiri ananilinda kazini."

Mkuu akageukia mistari iliyobaki. "Na hivi vingine?"

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningeuliza. Chagua mwenyewe vya kufukua. Mimi nitagonga kwanza niseme alama, ndipo uangalie chini."

Mkuu akachagua kumi na viwili, huku na huku, kwa hila, kimoja mpaka kule mtaroni. Shangazi aligonga, akasema nne. Wakafukua pembeni, ikawa nne. Akasema saba, ikawa saba. Hapakuwa na mpira wala oili. Ilipofika adhuhuri suruali ya Mkuu ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka magotini.

"Inatosha," akasema. "Na maneno yenu yamenifikia: wale wenye futi walikuja kupima uzio. Mlidhani nitajenga wapi, juu ya mchwa?"

Shangazi hakumwamini mpaka waya za uzio ziliposhushwa kutoka kwenye lori.

Kuhusu daftari, aliomba aandike mwenyewe. Aliweka mstari mwekundu juu ya alama zote za themanini na nane kuanzia mwaka wa nne, na pembeni akaandika: "Kilibadilishwa na mlinzi, mume wangu. Mara ngapi, haijulikani." Kwenye neno mume kalamu ilisita, ikaacha doa.

Mkuu alibadilisha kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, naye akampa Shangazi. Lakini shaka ikishaingia nyumbani haitoki kwa kufagiwa mara moja. Wiki nzima, ingawa haukuwa mwezi wake, alipita na kugonga upya vyote vilivyobaki, akifukua udongo kidogo kwenye kila shina kwa vidole, kutazama kama kuna kingine marehemu alichombadilishia kwa mapenzi.

Hakukiona.