Matobolwa Ubaoni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa Ushetu kufundisha kisomo cha watu wazima. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimezaliwa Tanga kwa mama aliyeuza vitumbua, na niliamini hakuna neno la Kiswahili la kunishinda. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima wa tumbaku, wengi wao wanawake, ambao nyumbani walisema Kisumbwa au Kisukuma. Walikuja alasiri wakitoka mashambani, tukasomea ndani ya ghala.

Kitabu tulichopewa kilianza na tumbaku: jani la tumbaku, shina la tumbaku, bani la kukaushia tumbaku. Siku ya tatu bibi mmoja mjane, aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake wote, alikifunga kitabu chake akakiweka magotini.

"Mwalimu, tumbaku nailima tangu alfajiri. Ukinipa nyingine jioni, sitarudi. Niandikie ninachokula."

Sikuwa na ruhusa ya kuacha kitabu, lakini nilimwona hatanii. Nikaandika ubaoni: kitumbua, andazi, chapati, ugali. Ili kuwachangamsha nikaanza kueleza majina yalikotoka, kama nilivyoyasikia kwetu. Kitumbua, nikasema, kimeitwa hivyo kwa sababu kinavimba kama kitu kinachotaka kutumbuka. Andazi ni kitu kilichoandaliwa.

"Na ugali hatuuandai?" bibi akauliza. "Unajipika wenyewe?"

Ghala zima likacheka, nami nikacheka. Akaendelea kusema kwamba hata huo ugali ni wao, unaitwa bugali, ila sisi watu wa pwani tumeidondosha b njiani.

Baadaye akataka neno matobolwa. Sikuwahi kulisikia, lakini sikutaka kushindwa. Nikasema bila shaka limetokana na kutoboa, ni vitu vilivyotobolewa.

"Nani anavitoboa?" akaniuliza, kwa upole kabisa. "Ni viazi vitamu, ng'wanone. Tunavichemsha, tunavikata, tunavianika juani."

Alikuwa ananiita ng'wanone, mwanangu, kila nilipokosea. Nikajitetea kwamba kumbe ni michembe, maana michembe nilikwisha kula. Hakubishana. Kesho yake alileta vitambaa viwili vimefungwa. Akaniambia nifumbe macho, akanitafunisha vilivyomo, kimoja baada ya kingine, mbele ya darasa. Michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa mibichi, ilikuwa migumu na ilinata menoni. Matobolwa yalikuwa na utamu wa kitu kilichokwisha kupita jikoni. Hakuniachia mpaka nilipovitambua mara tatu mfululizo.

"Sasa hilo jina limetoka wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Nimezaliwa nikakuta yanaitwa hivyo. Lakini nitaliandika."

Halikuandikika kwa urahisi. Mwisho wa neno ulimsumbua. Akaandika matobola, akaandika matobowa, akafuta kwa kiganja, akarudia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku na chaki ilimteleza. Siku moja nilipita kwake nikakuta ukuta wa bani umejaa maandishi ya mkaa, matobola kutoka chini hadi mkono wake ulipoishia. Nikamwambia apumzike, kuna maneno mepesi zaidi. Akanijibu kwamba mepesi atayaandika akizeeka.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka wilayani, mtu mpole mwenye miwani. Alimtaka kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe. Bibi aliinama muda mrefu, kisha akampa karatasi: Ninakula matobolwa na karanga.

Msimamizi akaisoma. "Bibi, umeandika vizuri. Ila hili neno si Kiswahili. Andika viazi."

Nikasimama niseme kitu. Bibi akanionyesha kiganja nikae.

"Baba, chapati ni Kiswahili?"

"Ndiyo, bibi."

"Imetoka wapi?"

"Kwa Wahindi, nadhani."

"Ng'ambo ya bahari. Mimi nimetoka hapo nyuma ya ghala. Yao imeingia ndani, yangu ibaki nje?"

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akafungua daftari lake akauliza kama neno lenyewe lina l au r. Bibi alichukua chaki, akaenda ubaoni, akaliandika herufi moja moja kwa utulivu, naye msimamizi akawa ananakili. Sentensi ikapokelewa, na bibi akafaulu.

Tulipokuwa tunafunga ghala nikamuuliza kama alikasirika.

"Sikukasirika," akasema. "Lakini ile lwa imenitesa mwezi mzima. Ningeanzaje upya na viazi?"