Mlinzi wa Kozi wa Filicudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Provvidenza Taranto anaketi juu ya jiwe la lava ukingoni mwa bahari na kuinua darubini. Chini, mawimbi yanapasuka kwenye nguzo nyeusi za mwamba. Juu, kozi wawili, ndege wawindaji, wametulia hewani, wakiukabili upepo na kuwavizia ndege wadogo wanaovuka bahari.

"Kozi saba tangu tufike," anasema, kisha anaandika daftarini. Wageni wanne walio nyuma yake hawathubutu hata kukohoa.

Kwa miaka kumi na tisa Provvidenza, mwenye umri wa miaka 58, amewaongoza watazama ndege kwenye njia ya pwani ya kisiwa cha Filicudi. Kila mgeni hulipa euro kumi na tano. Mei na Juni, kabla wageni hawajawa wengi, huchuma kapari, vitumba vya maua vinavyotiwa kwenye chakula, katika mashamba ya majirani. Goti lake la kushoto limevimba.

"Daktari alinikataza kutembea kwenye mawe," anasema. "Nikamwambia, basi nitafutie kisiwa cha udongo."

Kozi hao hutaga mwishoni mwa Julai na kulea makinda wakati ndege wengine wanahama. Oktoba ikiisha, nao huondoka kwenda Bukini, kisiwa kikubwa kusini-mashariki mwa Afrika.

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana nusura makinda waangamie. Mwenye hoteli mmoja aliandaa harusi, akataka fataki zirushwe kutoka kwenye tishari litakalovutwa na kutia nanga chini kabisa ya rasi. Juu yake palikuwa na viota kumi na kimoja.

Provvidenza alimwendea mwenye hoteli mara mbili kumsihi. Mara ya kwanza alipewa kahawa. Mara ya pili hakupewa hata kiti.

Mashua pekee kisiwani yenye nguvu ya kuvuta tishari ni ya Bartolo, mdogo wake.

"Dada, hao ndege wako ndio watakaonijazia mafuta?" Bartolo alimuuliza alipomwomba asilivute.

"Panda nami kesho. Ukishuka na neno hilohilo, sikusumbui tena."

"Nimezaliwa hapa. Nawaona tangu utotoni."

"Umeona mikia tu. Njoo uone nyuso."

Bartolo alipanda, akinung'unika njia nzima. Dada yake akamkabidhi darubini. Kinda mmoja, mweupe kama pamba, alikuwa ameachama mdomo, na mama yake akimchania nyama vipande vidogo mno.

Bartolo alitazama mpaka jua likamchoma shingo.

"Anamlisha kama mama alivyokuwa akimlisha Nino," alisema hatimaye. Nino alikuwa kitinda mimba wao, aliyezaliwa dhaifu na hakufikisha miaka mitatu.

Jioni hiyo Bartolo alimwambia mwenye hoteli kwamba tishari atalivuta, ila upande wa pili wa kisiwa. Alifokewa mbele ya watu. Fataki zikarushwa huko mbali, na Septemba nzima kazi za hoteli akapewa mtu wa kisiwa jirani.

"Bartolo alininunia wiki mbili," anasema Provvidenza. "Nilimpikia kila siku. Radhi sikumwomba."

Makinda kumi na tisa waliruka.

Lakini moyo wa Provvidenza haukutulia. "Nimezuia fataki za mwenzangu, kisha mimi mwenyewe kila asubuhi napitisha watu chini ya viota. Haki iko wapi?"

Kwa hiyo anachonga njia mpya ya meta mia saba, inayopita juu zaidi, mbali na viota, katikati ya matuta ya mashamba yaliyoachwa. Halmashauri imempa kibali, vibarua haikumpa. Amemaliza meta 240. Jumapili Bartolo huja na mtaimbo, na leo ni Jumapili: wageni wameondoka, naye yuko kazini.

"Anapanga mawe ovyo," Provvidenza analalamika.

"Napanga kulingana na mshahara," Bartolo anajibu bila kuinua kichwa.

Provvidenza anafunga daftari na kuitazama miinuko iliyobaki.

"Novemba mvua italainisha udongo, tutachimba," anasema. "Kozi watarudi mwisho wa Aprili. Nataka wakute hatupiti tena mlangoni kwao."