Mkwe Haonwi

Bibi yangu Stefania alikuwa mbanikaji samaki wa kijiji cha Mofu, na katika maisha yake yote alimtazama mkwewe usoni mara moja tu. Mara hiyo ilikuwa Ifakara, kwenye baraza ya wakubwa, mbele ya halaiki ya watu, na haikusaidia kitu.

Jina la Stefania alipewa na padri uzeeni. Wengine wote nitakaowataja nao nawaita kwa majina ya ubatizo, hata kama wakati ule walikuwa bado hawajabatizwa, ili tusichanganyane. Bibi mwenyewe alinisimulia habari hizi kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza namna ya kupasua kambare. Hakuwa na hasira. Hasira ninazo mimi, na sijui nimezirithi kwa nani.

Kwanza muijue desturi, maana kesi nzima ilisimama hapo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mwanamume huingia majanini akageuka, akampa mkwewe mgongo mpaka apite. Akiwa na kitu cha kumpelekea, hukohoa akiwa bado mbali. Mama akisikia kikohozi hugeukia ukuta, yule huweka alichokileta na kwenda zake. Vijana wa leo wakisikia hivi wanacheka. Wacheke tu, wao wakwe zao wanawatukana mchana kweupe.

Raimundi alimwoa Digna, mtoto pekee wa Bibi, na alikuwa mvuvi. Kila asubuhi ya kiangazi alikuja na tenga la samaki mpaka karibu na kichanja alichobanikia Bibi, akakohoa mara mbili. Mara mbili, basi, si moja wala tatu. Bibi aligeukia ukuta wa ghala, akasikia tenga linatua, akasikia nyayo zinarudi. Wakati mwingine, akigeuka mapema, aliona kisigino kinapotelea kwenye kona. Miaka minne ilipita hivyo. Sura ya mkwewe hakuijua, ila angeweza kumtambua kwa kikohozi kati ya watu mia.

Ikaja vita ya Maji Maji. Katika siku zake za mwanzo, banda la pamba la Ifakara lilichomwa moto. Pamba ile watu waliilima kwa kusukumwa na kiboko, kwa hiyo mimi siwezi kulilia banda. Siku lilipoungua, Raimundi alikuwa Mofu. Mabwawa yalikuwa yanakauka, kambare wamejaa kwenye matope, na kwa siku tatu mfululizo alileta tenga asubuhi na tenga jioni. Bibi alikumbuka vizuri kwa sababu kuni zilimwishia.

Vita iliisha kama mnavyojua ilivyoisha. Askari walichoma maghala, mpunga ukateketea, watu wakachimba mizizi. Bibi alimzika mumewe, akawazika na dada zake wawili ndani ya mwezi mmoja. Nilimwuliza alijisikiaje. Akanijibu, "Nilikuwa nachoka mikono."

Ndipo wakubwa wakaanza kutafuta aliyechoma banda. Mofu nzima ilimjua. Alikuwa Fulgensi, mpwa wa jumbe, aliyerudi kijijini siku chache baada ya moto bado ana mabua ya mtama ya wapiganaji kichwani na mwili unanuka dawa ya vita, akijisifu. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono wa jumbe haukuwa mtupu. Pembe mbili za ndovu zilipelekwa kwa akida, mwakilishi wa Wadachi pale Ifakara, na Fulgensi aliyeitwa kama mshitakiwa akatokea kuwa shahidi. Akaapa kwamba alimwona Raimundi na kinga cha moto. Kwa nini Raimundi? Alikuwa hana mjomba mkubwa, basi.

Digna alikwenda kumsemea mumewe, wakamrudisha. Mke hushuhudia tumbo lake, walimwambia. Akarudi Mofu akamwambia mama yake, "Mama, wewe ndiye uliyepokea samaki. Nenda kaseme."

Bibi alishuka na mtumbwi siku mbili. Akida alikuwa mtu wa pwani, hajui Kindamba, lugha yetu, na Bibi hakujua Kiswahili. Kati yao alisimama askari aliyeokota Kindamba chake sokoni. Raimundi aliletwa na chuma shingoni. Alipomwona mkwewe ameketi pale, aligeuka upande wa pili, akaufunika uso kwa mkono. Bibi naye akageukia ukuta. Sisi tungeona watu wawili wenye adabu. Akida aliona watu wawili wenye jambo la kuficha.

"Unamjua mtu huyu?"

"Ni mkwe wangu," Bibi aliuambia ukuta.

"Siku ile alikuwa wapi?"

"Mofu. Aliniletea kambare."

"Ulimwona?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoangukia. Kumwona mkwe, kwetu, ni kukosa haya. Ni neno analotukanwa nalo mwanamke mbaya. Bibi alijibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa Mofu angejibu.

"Mkwe haonwi."

Askari akageuza, "Anasema hakumwona."

"Sasa ulijuaje kuwa ni yeye?"

"Alikohoa."

Akida alicheka mpaka akashika kofia yake isianguke. Askari wakacheka. Fulgensi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha akida, naye akacheka. "Bonde zima hili linakohoa," akida alisema, kisha karani akaandika kwamba shahidi hakumwona mshitakiwa. Raimundi alipewa viboko ishirini na tano na mnyororo miaka mitatu. Viboko vile vilikatwa kwenye ngozi ya viboko wa mto wetu wenyewe. Bibi alivihesabu akiwa amegeukia ukuta, kwa sababu hata wakati ule desturi haikumruhusu kugeuka.

Ilibaki nafasi moja. Hukumu ya akida ilikuwa lazima ithibitishwe na bwana mkubwa, Mdachi, atakapopita kutoka boma la Mahenge. Walimngoja mwezi mzima. Mwezi huo Digna hakumpa mama yake nafasi ya kupumua.

"Safari hii sema ulimwona."

"Sikumwona, mwanangu."

"Kwani alikuwa hayupo?"

"Alikuwepo. Sikumwona."

"Mama! Kwao neno ni hilo moja tu. Hawana lingine. Heshima yako hii itamla mume wangu."

Bibi alikaa na maneno hayo kichanjani, akigeuza samaki. Aliniambia hakufikiri sana. Alijua tu kwamba kuna kitu kimoja alichobaki nacho baada ya njaa ile, nacho ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kusema Stefania hana haya. Na sasa kitu hicho ndicho kilichotakiwa.

Siku ya bwana mkubwa alipelekwa tena barazani. Raimundi akaletwa, akageuka kama kawaida. Bibi hakugeuka. Aliinuka, akapita mbele ya watu, akamshika mkwewe bega, akamzungusha, akamtazama. Wanawake waliokuwa nje ya uzio wakapiga yowe kana kwamba amevua nguo.

"Alikuwa na uso mdogo," Bibi aliniambia. "Nilidhani ni mtu mwenye uso mpana. Na nyusi moja ilikuwa na kovu, nadhani ni ndoana. Alifumba macho. Hakuyafumbua mpaka nilipomwachia."

Kisha akasema kwa sauti, "Nilimwona. Siku zote tatu nilimwona kwa macho yangu haya."

Ulikuwa uongo. Hakumwona hata siku moja. Barazani pale ndipo alipodanganya kwa mara ya kwanza, na alidanganya ili ukweli usikike.

Bwana mkubwa aliletewa karatasi. Akasomewa. Akauliza kitu, na swali likapita kwa akida, likapita kwa askari, likamfikia Bibi likiwa limepoa. "Mara ya kwanza ulisema hukumwona. Leo unasema ulimwona. Ulidanganya siku gani?"

Siku ya kwanza Bibi alisema kweli ikaandikwa kinyume chake, siku ya pili alisema uongo uliokuwa na maana ile ile ya kweli. Jambo kama hilo halipiti kwenye Kindamba cha sokoni. Bwana mkubwa alitia sahihi. Aliyemshikia mwavuli wakati anashuka ngazi ni Fulgensi.

Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Barazani pale walitekeleza nusu ya kwanza, kisha wakaenda kula.

Bibi alirudi Mofu. Alisema njiani hakulia, na nyumbani hakulia. Mwili ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa na husikii. Kisimani wanawake walimpisha, lakini si kwa heshima. Watoto waliambiwa, yule ndiye aliyemkamata mkwewe akamtazama. Alisikia yote. Alibanika samaki wa watu wengine, akageuza, akapunguza moto, akageuza. Jumbe alipokufa Fulgensi akawa jumbe, naye akija kukusanya kodi alimwita Bibi mama yangu, na Bibi alimwitikia. Mimi nisingemwitikia. Lakini mimi sikuwepo, na maneno ya kishujaa ni rahisi kwa mtu ambaye hakuwepo.

Mwaka wa tatu wa mnyororo ulipokwisha, Raimundi alirudi. Aliishi masika mawili tu. Huko Mahenge alikofungwa walimbebesha mawe na kumlaza kwenye maji, na kifua chake kilikuwa kimeisha kabisa. Mimi nilizaliwa katika masika hayo, na baba yangu simkumbuki. Kwa hiyo hakuna wa kumwuliza lile ambalo Bibi alitaka kuulizia maisha yake yote.

Lilikuwa jambo la siku ile aliporudi. Walikutana wao wawili peke yao kwenye njia ya mtoni, Bibi akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Kwa haki, Raimundi hakudaiwa tena adabu yoyote. Mkwe akishakushika bega mbele ya watu, desturi imekufa. Angeweza kusimama njiani, angeweza kumtazama, angeweza hata kumtukana. Hakufanya hivyo. Aliingia majanini, akageuka, akampa mgongo.

Bibi alinisimulia hapo mara nyingi kuliko pengine pote, hasa alipokuwa amezeeka na kusahau kwamba amekwisha kunisimulia. Nami nilimwachia aseme.

"Nilisimama," alisema. "Ningepita tu, lakini nilisimama. Nikatazama ule mgongo. Nikajiuliza, mtu huyu amenirudishia heshima yangu, au hataki kuniona? Maana akikuheshimu anakupa mgongo, na akikuchukia anakupa mgongo. Nikawa kama akida, mjukuu wangu. Nimeketi pale natazama mtu aliyegeuka na sijui maana yake. Nikasema, ngoja akohoe. Akikohoa mara mbili, kama zamani za samaki, nitajua."

"Akakohoa?"

"Alikohoa. Mara mbili, nikafurahi. Halafu ya tatu, halafu ya nne, akainama, akashika magoti, kikawa hakikatiki. Barazani niliwaambia ninamjua kwa kikohozi, wakanicheka. Na siku ile nilikisikiliza mpaka mwisho, sikukijua."