Kazi ya Hamdiya na Fungu la Tatu

Kazi ya Tupokigwe ilikuwa kuwauliza watu kama wana kazi. Mradi uliomwajiri, wenye ofisi Kinondoni, ulifundisha wanawake na vijana ufundi kwa miezi minne, kisha ukawatafutia pa kuajiriwa. Yeye ndiye aliyewafuata baadaye, mwezi wa kwanza kazini, wa sita na wa kumi na mbili, kishikwambi mkononi, ili wafadhili wajue kama mradi umebadilisha chochote. Ndani ya kishikwambi mlikuwa na mafungu matatu tu: anafanya kazi, anatafuta kazi, hafanyi wala hatafuti. Dar es Salaam nzima na vituko vyake vyote ilitakiwa ienee humo.

Aliifanya kazi hiyo vizuri, na sababu yake haikuwa nzuri. Februari mumewe, Lusungu, alianguka bafuni nyumbani kwao Pugu na hakuinuka tena. Walimzika Tukuyu Jumamosi. Jumatano Tupokigwe alikuwa kwenye kiti chake ofisini, anapiga simu za ufuatiliaji. Praygod, afisa tathmini, alimsifu mbele ya wenzake kwamba amejikaza. Lakini hakuwa amejikaza hata kidogo. Mtu hujikaza pale kitu kinapotaka kutoka, na kwake hakikutoka kitu. Alikuwa amekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alizoea kuutembelea hivyohivyo.

Mwezi wa Juni zamu ya miezi sita ikamfikia Hamdiya, aliyejifunza mikate na keki na kupata nafasi katika jiko la hoteli moja ya Kunduchi. Tupokigwe alimkuta nyumbani kwa ami yake, Abdulsamad, mwenye duka la vitambaa, nyumba ya nyuma ya msikiti. Hamdiya alikuwa amekaa kwenye godoro chini, amevaa nguo nyeupe, kucha hazina hina. Mumewe, Mazin, alikuwa amefariki siku sitini zilizopita. Hamdiya alikuwa anakaa eda.

"Pole sana na msiba, dada."

"Nimeshapoa. Karibu ukae."

Tupokigwe akakaa, akauliza maswali kama yalivyopangwa. Siku saba zilizopita umefanya kazi yoyote ya kulipwa? Hapana. Umetafuta kazi? Hapana.

"Mie nitafute kazi ya nini, dada, na ninayo?" Hamdiya akatabasamu kidogo. "Zimebaki siku sabini. Zikiisha narudi jikoni. Bosi wangu, Fransis, alikuja msibani. Alimwambia ami yangu hapo barazani, wanaume wote wanasikia, kwamba nafasi yangu hapewi mtu. Na hiyo kazi ndiyo inayoniamsha asubuhi. Nalala hapa nakanda unga kichwani."

"Kuna barua?"

"Barua ya nini tena? Kaisema msibani."

Kwa Hamdiya hapakuwa na la kuongeza. Neno lililotolewa penye maiti, mbele ya wazee, halitaki muhuri. Ili aingie fungu la kwanza, kishikwambi kilitaka barua, au la, simu moja kwa mwajiri. Namba ya Fransis ilikuwemo humohumo, na mchana ulikuwa bado mpana.

Tupokigwe hakupiga. Alimtazama mwanamke yule aliyeruhusiwa kukaa miezi minne na siku kumi, analetewa uji, watu wanashusha sauti wakipita mlangoni pake, na kitu kikamchoma kifuani, cha kwanza tangu Februari. Hakukaa nacho akijue ni kitu gani. Akabonyeza fungu la tatu, hafanyi wala hatafuti, akaaga.

Mwisho wa wiki orodha ilikwenda kwa waajiri kama kawaida. Aliyeingia fungu la tatu huhesabiwa ameacha, na nafasi yake mradi huijaza haraka, maana nafasi tupu inachafua ripoti.

Karibu miezi miwili baadaye Tupokigwe alikwenda Kunduchi kumfuatilia mhitimu mpya, Clara, aliyetimiza mwezi kazini. Alimkuta kwenye jiko la mikate, mikono imejaa unga, uso umejaa furaha. Anafanya kazi: fungu la kwanza. Nje akamkuta Fransis.

"Clara ameshika nafasi ya nani?" akamuuliza.

"Si ya Hamdiya? Nyie wenyewe mlileta orodha kwamba kaacha. Nilishangaa, maana mie nilishamwahidi mzee wake. Nikasema labda familia imemkataza. Kwani hakuacha?"

Tupokigwe akarudi Kinondoni, akamweleza Praygod na kumwomba wairekebishe taarifa.

"Tupo, ripoti imeshakwenda," Praygod akasema, hata hakukasirika. "Halafu angalia vizuri. Hamdiya tulimhesabu mwezi wake wa kwanza kazini, Clara tumemhesabu leo. Nafasi moja, watu wawili wameajiriwa. Unalia nini?"

"Silii," akajibu, na ilikuwa kweli.

Hakuna aliyemtuma kwa Hamdiya. Alikwenda mwenyewe kesho yake asubuhi, akamkuta kwenye godoro lilelile, akamwambia yote bila kuzungusha: orodha, Clara, ripoti. Hamdiya alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake, iliyokuwa ikikunja mtandio, ikatulia.

"Ungepiga simu moja tu."

"Ningepiga."

"Kwa nini hukupiga?"

Angeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Angeweza kusema mtandao ulisumbua, na hakuna mtu wa mjini hapa ambaye angebisha. "Nilikuonea wivu," akasema.

"Wivu? Mie? Mfiwa?"

"Mimi nilimzika mume wangu Jumamosi, Jumatano nikarudi kazini. Hakuna aliyeniambia nikae. Nikakukuta wewe umekaa."

Kwenye uso wa Hamdiya hapakuwa na msamaha, wala matusi hayakuwepo. Chumba cha pili Abdulsamad alikuwa anakohoa, mtaani muuza mkaa anapita na kelele zake. Tupokigwe alingoja aumie. Alijua hapa ndipo mahali pa kuumia, na hakuumia, na hilo likamtisha kuliko kosa lenyewe.

"Zimebaki siku tisa," Hamdiya akasema hatimaye. "Zikiisha naoga, navaa, natoka. Nikitoka sina pa kwenda. Na hilo liandike."

Tupokigwe akakitoa kishikwambi, akafungua fomu mpya kwa jina la Hamdiya. Amepoteza kazi: ndiyo. Sababu? Ikashuka orodha ya ugonjwa, masomo, majukumu ya familia, utoro, mwajiri kufunga biashara. Akaishusha mpaka chini kabisa, palipoandikwa sababu nyingine, taja. Akaandika jina lake mwenyewe, la kwanza na la ukoo, akamgeuzia Hamdiya asome.

Hamdiya akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Tuma," akasema.

Akatuma.