Pazia Lililofungwa Kawempe

Usinicheke kwanza. Ucheke nikimaliza, kama utaweza. Mimi nimeendesha malori tangu ndevu hazijaota vizuri. Nimelala Mutukula, nimelala Kahama, nimelala porini Biharamulo fisi wakizunguka matairi, na sijawahi kuona jini wala kivuli chake. Wenzangu wakianza habari za mwanamke mweupe anayesimamisha magari barabarani, mimi huinuka nikakague turubai. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba mwaka huu, hapa Kampala, nilipakua ugali nikala na mtu ambaye kila mmoja anaapa kuwa hakuwepo, elewa kwamba hata mimi ningependa iwe uongo.

Niliingia yadi Jumapili jioni, mvua inamwagika. Nilikuwa nimebeba vigae vya sakafu kutoka Dar es Salaam, na mwenye mzigo alikuwa bado anavutana na watu wa ushuru, hivyo gari lingekaa pale mpaka wamalizane. Lini? Hilo dereva haambiwi. Yadi yenyewe iko Kawempe, nyuma ya mafundi wanaochomelea mageti, kando ya mtaro mpana unaonuka mvua ikinyesha na unaonuka zaidi jua likiwaka. Kuna choo kimoja, bomba moja, na askari wa getini ambaye wote humwita Salongo, kwa kuwa amezaa mapacha na Waganda humheshimu mtu kwa hilo.

Nikueleze kidogo maisha yetu, la sivyo hutaelewa kilichonipata. Tajiri, yaani mwenye gari, anakupa posho ya njiani inayotosha kama safari itakwenda vizuri. Haiendi vizuri hata siku moja. Ukikwama yadi, siku za kukwama ni zako na Mungu wako. Unakula ile hela ambayo mkeo anaisubiri nyumbani. Waganda ugali wanauita posho, na mimi naona wamepatia, maana posho yetu yote huishia huko. Nyumba ya kulala wageni ipo ng'ambo ya barabara, lakini nani aende? Ukiliacha gari, wezi watanyonya mafuta, na mafuta yakipungua tajiri anakata kwenye mshahara wako. Basi unalala kabini, unakula kabini, unaumwa kabini.

Na tuna sheria yetu isiyoandikwa popote: pazia la kabini likifungwa, usimgongee mtu. Huenda ameendesha usiku kucha. Usingizi ndiyo starehe tuliyobakiwa nayo, na ukimkatizia mwenzako utatukanwa wewe na ukoo wako mzima. Sheria hiyo Salongo anaijua. Hajati, mama wa Kinubi anayeuza chai na chapati pale getini, naye anaijua. Watoto wanaookota chupa yadi nzima hupita mbali na gari lenye pazia.

Jirani yangu upande wa mtaro lilikuwa lori la buluu lenye namba za Kenya, pazia limefungwa. Sikulijali. Upande wa pili palikuwa wazi, na wale madereva wengine walikuwa mbali karibu na geti, Wasudani na Wakongo, kila kundi na lugha yake na sufuria yake. Nilisalimia, wakaitikia, basi. Jumatatu nzima sikuongea na mtu zaidi ya kumwambia Hajati aongeze sukari.

Jua lilipoanza kuzama niliwasha jiko la mkaa chini ya trela. Nikageuka kuchukua chumvi kwenye boksi la vyombo, nikarudi, nikamkuta mtu ameketi juu ya ndoo yangu niliyoifudikiza. Mrefu, mwembamba, sweta mpaka shingoni na kofia ya sufu, utadhani tuko kwenye baridi ya Makambako mwezi wa sita.

"Karibu," nikamwambia. Kwetu sisi anayekukuta unapika haulizwi katokea wapi.

"Asante sana. Naona leo kuna mtu anapika." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Akaelekeza kidevu kwenye lori la buluu. "Niite Baba Neema. Mimi ni wa Voi."

Sikusikia mlango wa lori lile ukifunguka. Lakini niambie, wewe ukiwa unapika huwa unasikiliza milango?

Nilifurahi, nakwambia ukweli. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima mimi. Kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili kilichonyooka, tena dereva mwenzangu, anayejua mzani gani una kero na polisi gani ana njaa! Tukaanza kuwasema matajiri. Tulipowamaliza tukahamia nyumbani. Akanisimulia kwamba safari ya mwisho alipofika kwake, mtoto wake Neema alimfungulia mlango, akamtazama, halafu akamwita mama yake: "Mama, kuna anko amekuja." Alicheka akisimulia. Mimi pia nilicheka, kisha nikainama kuchochea mkaa, maana mimi nina wa kwangu wa umri huo huo.

"Unaumwa?" nikamuuliza, kwa sababu ya lile sweta.

"Homa. Inakuja inaenda. Salongo aliniambia niende hosi, lakini nikienda, gari nitaachia nani?"

"Si uniachie mimi? Nenda kesho, nitakuangalizia."

"Ungekuja mapema kidogo ningeenda," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikampakulia ugali na dagaa. Aliishika sahani vizuri, akaiweka mapajani, tukaendelea kuongea, na nilipoikusanya ilikuwa kama nilivyompa. Mgonjwa hana hamu ya chakula, nikajisemea. Hata alipoitoa sufuria ya maji ya chai kwenye moto kwa viganja vitupu, akaishusha taratibu bila kukunja uso, nilisema mikono ya dereva ni migumu. Mtu mpweke hujua kujidanganya.

Kabla ya kuondoka akaniomba jambo. "Kesho asubuhi nigongee."

"Na pazia?"

"Gonga tu. Nataka kumpigia mke wangu kabla hajatoka kwenda sokoni. Nimechelewa sana kuamka."

Asubuhi nilikwenda. Niligonga kwa kifundo cha kidole, kiungwana, nikasubiri. Kimya. Pazia limefungwa vile vile. Nikagonga tena, halafu nikakumbuka matusi ninayoyajua mimi mwenyewe ya mtu aliyekatizwa usingizi, nikarudi zangu. Mgonjwa amelala, nikasema, na alale.

Jumanne jioni akaja tena. Safari hii nilikuwa namngoja. Nilinunua mpaka chapati kwa Hajati. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mimi nilikuwa chini ya trela, yeye akakaa kwenye ile ndoo, nje kidogo.

"Hukuja," akasema.

"Nilikuja. Niligonga."

"Basi sikusikia." Aliyasema hayo kwa upole, kama anayeomba radhi. Nikamwambia asogee ndani asilowe, akatikisa kichwa. Tukazungumza kidogo, ila alikuwa mchovu, maneno yanamtoka moja moja. Kisha akasimama kunyoosha miguu, nami nikaitazama ndoo.

Ilikuwa imelowa juu kote. Pale pale alipokuwa amekaa muda wote ule, matone ya mvua yalikuwa yametuama, hakuna sehemu kavu hata ya kuweka sarafu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyesahauliwa, na sura hiyo mimi naijua, huwa naiona kwenye kioo cha pembeni cha gari langu.

"Kesho gonga kwa spana," akasema. "Nisipoitika, dirisha la upande wa abiria halifungi vizuri. Lisukume chini. Usiniache hapa, ndugu yangu. Mke wangu anapiga simu, na mimi siwezi kushika."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, palikuwa na sahani yake tu, chapati juu yake, inalowa.

Sikulala. Kulipopambazuka nilichukua spana ya magurudumu nikaenda kuugonga mlango wa lori la buluu kwa nguvu zangu zote. Salongo alikuja mbio, koti limeingia mkono mmoja.

"We dereva, wacha! Pazia imefungwa, mutu nalala!"

"Huyu mtu alikula na mimi juzi na jana!"

Salongo akanitazama kama anayetazama mlevi. "Nani alikula? Mimi naona wewe peke yako pale. Naongea, nacheka. Mimi nafikili ni simu, ile ya kuweka kwa masikio."

Wakongo na Wasudani walikuwa wameshasogea, mmoja ananitukana kwa haki yake. Nikapanda ngazi ya upande wa abiria, nikakibana kioo kwa viganja, nikakisukuma. Kikashuka. Harufu ikatoka, na yule aliyekuwa anatukana akaacha. Siku zote zile tulikuwa tunaulaumu mtaro.

Sitakusimulia yote niliyoyaona. Alikuwa na lile sweta na ile kofia ya sufu. Simu ilikuwa mkononi, imezima chaji. Hajati ndiye aliyepanda bila kuogopa, akatoa kanga yake ya begani akamfunika, akasema, "Maskini mwanangu, hata maji hakuna mutu alikupa." Akashuka akilia, na biashara yake akaifunga siku hiyo.

Polisi walifika. Walisema huyu bwana alifariki kabla ya mvua ya Jumapili. Salongo akathibitisha: dereva wa buluu aliingia Alhamisi akitetemeka, Ijumaa akafunga pazia, hakushuka tena. Na mimi niliingia Jumapili, mvua ikinyesha. Sasa hesabu mwenyewe nilikula na nani. Tajiri wake alipopigiwa, alisema alikuwa anaona kwenye kifaa chake kwamba gari limetulia mahali salama, naye akawa ametulia. Kesho yake alituma dereva mwingine kwa basi. Kijana wa watu aliligeuza godoro upande wa pili, akalala humo humo. Angelala wapi?

Ila kilichobaki moyoni mwangu ni ile simu. Ofisa mmoja aliichomeka kwenye gari langu ipate chaji, watafute ndugu. Haikuchukua muda, ikawaka, na papo hapo ikaanza kuita. Kioo kikaandika Mama Neema. Yule ofisa akaitazama, akanipa.

"Wewe ongea na yeye. Swahili yangu ni ya kambini, ni ya kuamulisha watu."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ya mwanamke ikaniingia sikioni: "Baba Neema, mbona umetutesa hivi?"

"Shemeji," nikasema, "mimi ni dereva mwenzake." Nikamweleza. Sijui nilitumia maneno gani. Nilisikia kitu kikianguka, nikasikia mtoto akiuliza jambo. Aliporudi kwenye simu hakuuliza habari ya gari wala ya mshahara. Aliuliza: "Alikuwa na mtu? Au alikuwa peke yake?"

Ungesema nini wewe?

"Alikuwa na mimi, shemeji," nikamwambia. "Tulikaa jioni mbili. Nilimpikia. Alinisimulia Neema alivyomwita anko." Akacheka, huku analia, akasema hilo hajawahi kumwambia mtu yeyote, walicheka wawili tu chumbani mwao. Kisha akasema asante, ndugu yangu, kwa kutomwacha peke yake. Niambie, nilimdanganya? Mpaka leo sijui.

Vigae niliviteremsha, nikarudi Dar, nikatoka tena. Bado naendesha, maana watoto wanakula. Lakini siwezi tena kulala na pazia likiwa limefungwa. Jua linanichoma macho, bora linichome. Nitakwambia na lingine ambalo hata mke wangu sijamwambia: namkumbuka. Nikiwasha jiko magharibi, hujikuta nimesimama nikiangalia ndoo, na simwombi Mungu amzuie.

Basi nawe unayenisikiliza, hata kama hujawahi kupanda lori. Ukipita mahali ukaona gari limesimama tangu jana na pazia limefungwa, usiseme amelala. Usiiheshimu sheria yetu, ni ya kijinga. Panda, gonga kwa jiwe, piga kelele. Atakayetoa kichwa akakutukana, akamtaja mama yako na bibi yako, mshukuru Mungu kwa kila tusi, ushuke uendelee na safari yako.